Usione haya kuuliza: Steki ya mgahawa mkubwa na afya ya wageni wako

 

Katika safu hii tumezoea kuzungumzia usafi wa majumbani, maji ya kunywa, vyoo na vyakula vya mama lishe. Mara nyingi tunapotaja chakula cha hatari, mawazo yetu hukimbilia kwenye kibanda cha uchochoroni, kwenye sahani zilizosuuzwa ndani ya ndoo moja ya maji tangu asubuhi. Leo napenda tutazame upande wa pili, kwenye mgahawa wa kitambaa cheupe, ambako tunaingia tumevaa vizuri na akili ya kuuliza tumeiacha nyumbani.

Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta mwenyewe, na naona si vibaya msomaji akajifunza kwa kosa langu badala ya kusubiri lake.

Ilivyotokea

Dada yangu mkubwa anaishi Maskati na mumewe na watoto wao. Walipokuja Dar es Salaam kwa likizo, nikaona kuwalisha pilau la nyumbani kila siku hakutoshi. Nikajikusanya, nikasema nitawatoa usiku mmoja kwenda kula steki kwenye mgahawa mmoja wa kifahari. Tulikuwa watu tisa, akiwemo mama yetu, ambaye umri wake umeshavuka miaka 70 na ana kisukari, na mke wa mwanangu aliyekuwa na mimba ya miezi sita.

Steki ninayoizungumzia hapa si ile ya bucha la mtaani, yaani mnofu usio na mfupa tunaopimiwa kwa kilo na kwenda kuukatakata kwa ajili ya mchuzi. Hili ni pande moja nene la nyama ya ng'ombe, linalochomwa juu ya moto mkali na kuletwa mezani likiwa zima, na wewe ndiye unayeulizwa unataka liive kiasi gani.

Mhudumu alipouliza swali hilo, shemeji yangu, ambaye amezoea mambo hayo, alijibu kuwa yake iwe ya kati. Vijana wakaitikia kuwa na zao ziwe hivyo hivyo. Mkwe wangu naye akasema hivyo hivyo. Mama alipofikiwa, mimi ndiye niliyemjibia. Nilisema naye apewe kama wenzake, kwa sababu sikutaka ionekane mbele ya wageni kuwa sisi wa hapa hatujui kula.

Mama alikuwa amemeza vidonge vyake vya sukari nyumbani baada ya Magharibi, akitegemea kuwa saa mbili usiku atakuwa anakula. Chakula kilifika saa tatu na nusu. Nyama ilipokatwa, ndani ilikuwa nyekundu na maji mekundu yakatiririka kwenye sahani. Mama akaitazama, akaisogeza pembeni taratibu, akala vipande vichache vya tango na kunywa maji. Tulipomuuliza, akasema ameshiba.

Tukiwa njiani kurudi, akaanza kutoka jasho jingi ilhali kioo cha gari kiko wazi na upepo unaingia. Mikono ikawa inatetemeka, na maneno yake yakawa hayafuatani. Dada akatambua kuwa sukari imeshuka. Tukasimama kwenye kibanda cha kwanza tulichokiona barabarani, tukanunua soda yenye sukari, akanywa. Baada ya kama robo saa alirejewa na hali yake, Alhamdulillahi.

Asubuhi yake akaniambia, "Mwanangu, niliona ile ni damu. Lakini niliona haya kusema, kwa kuwa najua umetumia fedha nyingi kwa ajili yetu."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalinichoma kuliko bei ya chakula chenyewe. Mwenye mgahawa sikumlaumu, kwani yeye aliuliza na sisi tukajibu. Kosa lilikuwa langu mimi mwenyeji, niliyejali heshima yangu mbele ya mhudumu nikasahau afya ya mama yangu. Na hiyo ndiyo hoja yangu ya leo: kinachotudhuru zaidi kwenye meza za kifahari ni aibu ya kuuliza.

Ile nyekundu ni damu?

Tuanze na swali la mama, maana wengi wanalo na hawalisemi. Yale maji mekundu yanayotoka kwenye steki si damu. Mnyama aliyechinjwa sawasawa damu yake nyingi hutoka pale pale machinjioni. Kinachobaki ndani ya misuli ni maji pamoja na protini iitwayo mayoglobini, ambayo kazi yake ni kuhifadhi oksijeni ndani ya msuli, na ndiyo inayoipa nyama wekundu wake. Ikipata moto wa kutosha hugeuka rangi na kuwa ya kahawia.

Ama kwa upande wa sheria, Qur'an katika Suratul An'aam, aya ya 145, imeharamisha damu inayomwagika. Wanazuoni wamebainisha kuwa kinachobaki ndani ya nyama baada ya kuchinja kisheria hakimo katika katazo hilo. Kwa hiyo anayekula nyama ya halali yenye wekundu ndani hajala damu.

Lakini kuwa halali ni jambo moja, na kuwa salama kwa kila mtu ni jambo jingine. Hapa ndipo wengi wanapochanganya.

Nyama iive kiasi gani?

Bakteria wanaoleta maradhi ya tumbo, kama vile baadhi ya aina za E. koli na salmonela, hukaa zaidi juu ya pande la nyama. Hutokana na ngozi au kinyesi cha mnyama wakati wa kuchuna, au na visu, mbao na mikono michafu. Steki nzima ikichomwa pande zote kwa moto mkali, wale wa juu hufa hata kama ndani bado kuna wekundu. Ndiyo sababu mamlaka za chakula za Marekani zinaruhusu pande zima la nyama ya ng'ombe lifikishwe nyuzi joto 63 za Selsiasi ndani yake, kisha liachwe litulie kwa dakika 3 kabla ya kuliwa.

Nyama ya kusaga ni habari nyingine kabisa. Mashine huchukua kilichokuwa juu na kukichanganya na cha ndani. Hiyo inatakiwa ifike nyuzi 71 mpaka katikati. Mwishoni mwa mwaka 1992 na mwanzoni mwa 1993, huko Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua na watoto 4 wakafariki kwa sababu ya hambaga zisizoiva. Ule ulikuwa mgahawa wenye jina. Na yapo mapande ya steki ambayo hulainishwa kwa kuchomwachomwa kwa sindano za mashine kabla ya kupikwa. Haya nayo huingiziwa vijidudu ndani, na kwa macho huwezi kuyatofautisha na mengine.

Zaidi ya bakteria kuna tegu. Mayai yake humwingia ng'ombe anapolisha penye kinyesi cha binadamu, kisha vifuko vidogo vya tegu hukaa ndani kabisa ya misuli, si juu. Anayekula nyama hiyo haijaiva huweza kukaa na mnyoo wa mita kadhaa tumboni. Ukaguzi wa nyama machinjioni hupunguza sana hatari hii, na ndiyo maana ya ule muhuri wa mkaguzi kwenye nyama, lakini mkaguzi hawezi kukata na kutazama kila nyuzi ya msuli.

Pia yupo kimelea aitwaye toksoplazma. Mtu mwenye afya anaweza kumpata asijue, lakini akimwingia mama mjamzito kwa mara ya kwanza anaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mkwe wangu alikula nusu ya nyama ile, kisha akakaa wiki kadhaa na hofu hadi vipimo vilipotoka vizuri. Hofu hiyo angeepushwa nayo kwa neno moja tu: "Yangu iive kabisa."

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mafunzo yake ya mambo matano ya usalama wa chakula, linashauri chakula kifike nyuzi joto 70 hadi ndani. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha kushika kwa wajawazito, watoto wadogo, wazee, na wote ambao kinga ya mwili imepungua, wakiwemo wagonjwa wa kisukari. Kijana mwenye afya anayependa ya kati tusimzuie, bali asiwe yeye ndiye anayewajibia wengine.

Ila kuiva si kuungua. Zile sehemu zilizogeuka mkaa ziondoe kwa kisu, kwani nyama ikiungua kwa moto mkali hutengeneza kemikali ambazo kwa wanyama wa maabara zimeonekana kuleta saratani.

Uhalali haupo kwenye nyama peke yake

Ndugu zetu wanaotoka Maskati wamezoea kuwa nyama inayouzwa huko ni halali, hivyo hawana desturi ya kuuliza. Nasi wa hapa tumezoea kuwa ng'ombe wetu kwa kawaida huchinjwa na Waislamu. Lakini migahawa mikubwa mingine huagiza nyama ng'ambo, na jiko lao hupika kila kitu. Kwa hiyo maswali ni zaidi ya moja.

La kwanza ni nyama imetoka wapi na ina cheti gani. La pili, je, nyama ya nguruwe inachomwa kwenye wavu huo huo, na kukatwa kwa kisu na ubao huo huo? Hilo ni swali la twahara, na ni swali la usafi pia, kwa sababu jiko linalochanganya visu na mbao za nyama mbichi na vyakula vilivyoiva halijui usafi, hata likiwa na marumaru sakafuni.

La tatu ni sosi. Sosi ya pilipili manga inayomiminwa juu ya steki mara nyingi hutengenezwa kwa brandi, na ipo nyingine inayopikwa kwa mvinyo mwekundu. Watu husema pombe yote huisha motoni. Si kweli. Vipimo vilivyofanywa Marekani vilionyesha kuwa chakula kilichomwagiwa pombe na kuwashwa moto hubaki na takriban robo tatu ya pombe yake, na kilichochemshwa kwa dakika 15 hubaki na kama asilimia 40. Anayetaka usalama aagize steki kavu, na ndimu na pilipili pembeni.

Sahani moja, watu wangapi?

Steki ya gramu 300 ikishaiva hubaki kama gramu 220 hivi. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unashauri mtu asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki nzima. Kwa hiyo sahani ile moja ni karibu nusu ya wiki. Mwezi Oktoba 2015 taasisi ya WHO inayoshughulikia saratani iliiweka nyama nyekundu kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano vinasababisha saratani, na nyama za kusindikwa kama soseji ikaziweka kwenye kundi la vile vilivyothibitika. Usiku mmoja wa nyama hauleti saratani. Kinachotazamwa ni mazoea, na kwa mwenye jongo hata usiku huo mmoja unaweza kumwamsha na maumivu ya kidole gumba cha mguu.

Usisahau chumvi. WHO inashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai kwa vyakula vyote. Steki iliyopakwa chumvi, sosi, chipsi na achari pamoja zinaweza kuimaliza hiyo kwa mlo mmoja. Mwenye presha aombe yake isitiwe chumvi nyingi. Kwa kuwa kila steki huchomwa peke yake, hilo haliwasumbui jikoni.

Dawa ya haya yote tunayo siku nyingi. Mtume (s.a.w) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Imam Tirmidhi, kuwa tumbo ligawanywe theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Na katika Sahihi Muslim imekuja kuwa chakula cha mmoja huwatosha wawili. Agiza steki tano kwa watu tisa, omba sahani za ziada, ongeza mboga na kachumbari. Utajiepusha na israfu, na mfuko wako utakushukuru.

Mgonjwa wa kisukari mezani

Hili ndilo nililolipuuza, kwa hiyo nalisema kwa mkazo. Vidonge vya sukari havifanani. Baadhi, kama vile glibenklamaidi, na pia sindano za insulini, huendelea kushusha sukari hata kama chakula hakijaja. Mgonjwa asitumie dawa ya mlo nyumbani ilhali mlo wenyewe uko mjini na haujulikani utafika saa ngapi. Amuulize daktari wake mapema afanye nini siku ya kula nje, na kwa wengi jibu litakuwa dawa iende na chakula chenyewe.

Dalili za sukari kushuka ni jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Ukiziona, mpe vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari kwenye maji, au soda yenye sukari ya kweli, kisha ngoja dakika 15. Asipopata nafuu rudia. Akishatulia ale chakula. Lakini akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu kinywani, atapaliwa, mkimbize hospitali.

Je, kuuliza ni utovu wa adabu?

Wapo watakaosema kuwa kuulizauliza ni kumtuhumu mwenye chakula. Nawajibu kwa tukio lililopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w) aliandaliwa nyama ya mjusi wa jangwani nyumbani kwa Bi Maimuna (r.a). Imeelezwa humo kuwa ilikuwa nadra kwake kunyoosha mkono kwenye chakula kabla hajaambiwa ni kitu gani. Alipoambiwa, akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid (r.a) akauliza kama ni haramu, akajibiwa kuwa si haramu ila si chakula cha nchi ya watu wake. Khalid akaendelea kula, na Mtume (s.a.w) anamtazama.

Tazama adabu iliyopo hapo. Chakula kimetajwa, mmoja ameacha na mwingine amekula, na hakuna aliyeona haya wala aliyekasirika. Meza yangu ilikosa hayo yote.

Ila pia tusivuke mpaka. Bukhari amepokea kwa Bi Aisha (r.a) kuwa watu walieleza kwamba wanaletewa nyama na jamaa waliosilimu karibuni, na hawajui kama ilitajiwa jina la Allah. Mtume (s.a.w) akawaambia wao walitaje na wale. Ndugu zako Waislamu wakikualika, wadhanie vyema. Kuuliza kunakotakiwa ni kule kwa upole, mahali ambapo kuna sababu ya kuuliza, tena kabla chakula hakijapikwa.

La kufanya

Mwenyeji unayetaka kuwatoa wageni, ambao kuwakirimu ni katika imani, fanya haya. Kwanza, piga simu siku moja kabla, uulize nyama, wavu na sosi, ili maswali yaishe kabla wageni hawajakaa. Pili, uliza chakula huchukua muda gani, na uwaagizie mapema wazee na watoto. Tatu, mhudumu akija, wewe ndiye uanze kwa sauti ya kusikika: "Mimi yangu iive kabisa." Mwenyeji akishasema hivyo, mgeni mwenye haya atapata pa kupitia. Nne, usimjibie mtu mzima. Muulize mama yako anataka nini. Tano, tia sukari kidogo mfukoni ikiwa kuna mgonjwa.

Sita, nawa mikono kwa sabuni hata kama mbele yako kuna uma na kisu, kwa sababu mkate utaushika kwa mkono. Na usibabaishwe na desturi ya kula kwa mkono wa kushoto eti ndiko uma unakokaa. Kata nyama yako, weka kisu chini, hamishia uma mkono wa kulia, piga Bismillahi, ule. Wamarekani wengi hula kwa kuhamisha uma hivyo hivyo, na hakuna anayewacheka.

Kabla dada hajaondoka nilimtoa mama tena, safari hii yeye na mimi na dada tu. Mhudumu alipouliza, nilinyamaza. Mama akamwambia, "Mwanangu, yangu ichome mpaka iive, na chumvi uniwekee pembeni." Kijana akaitika, "Sawa, bibi." Dawa yake aliimeza sahani ilipowekwa mezani, kama daktari alivyomwelekeza. Akala nusu, nusu akaomba ifungwe.

Tunamuomba Allah (s.w) atujaalie riziki ya halali iliyo nzuri, awape afya wazazi wetu, na atuondolee haya pale inapotuzuia kulinda nafsi zetu. Wabillahi tawfiq.